Wanaosifu na wanaoponda huenda wamekula majiko tofauti

SWALI: Kuna mkahawa mpya wa vyakula vya Kiasia umefunguliwa Masaki na sasa ndio gumzo la mji. Menyu yao ina sushi, dim sum, ramen, pad thai na mchuzi wa kijani wa Kithai. Rafiki yangu mmoja anaapa kwamba sushi yao haina mfano. Mwingine anasema aliletewa tambi zilizopoa, mafuta yanachuruzika. Wa tatu anasema pale ni pa kupiga picha tu. Nataka kumpeleka mama mkwe kusherehekea miaka 60. Tutakuwa watu 8. Mama ni wa Tanga, hali nguruwe wala kitu chenye kilevi. Wifi yangu ni mjamzito, na mpwa wa mume wangu ana mzio wa karanga. Bajeti ni laki 6. Nimwamini nani, na tuagize nini? (Msomaji, Mikocheni)

JIBU: Dada, waamini wote watatu. Mkahawa unaouza chakula cha Japani, China na Thailand chini ya paa moja si jiko moja, ni majiko manne au matano yaliyopanga nyumba moja. Kuna kaunta baridi inayokata samaki na kuviringisha sushi. Kuna makarai ya Kichina juu ya moto mkali. Kuna vyombo vya mvuke vya dim sum (vitafunwa vidogo vya Kichina vyenye nyama au kamba ndani), sufuria kubwa za supu, na pengine jiko la mkaa la mishikaki ya Kijapani. Kila moja lina mpishi wake, moto wake na makosa yake. Rafiki yako wa kwanza alikula kaunta baridi, wa pili alikula karai, wa tatu alikula taa na kuta. Ukisoma maoni kuhusu mahali pa namna hii usihesabu nyota. Tafuta kila mtu aliagiza nini, kisha yapange maoni kwa jiko. Utaona mengi yanaacha kugombana.

Mtindo wenyewe una asili yake. Nobu Matsuhisa, Mjapani aliyewahi kupika Peru, alifungua Nobu mjini New York mwaka 1994. Hakkasan ilifunguliwa London mwaka 2001, Zuma ikafuata humo humo mwaka 2002, kisha Dubai mwaka 2008. Mwanga hafifu, muziki, sahani za kuchangia katikati ya meza, bei za kukuna kichwa: ukivikuta Masaki, unaangalia nakala ya nakala ya hao. Tofauti ni kwamba mikahawa ya ngazi ile huweka bingwa kwenye kila jiko, na mabingwa ni ghali. Huku kwetu mara nyingi anakuwepo mpishi mkuu mmoja aliyekulia kwenye jiko moja, na waliobaki wamefundishwa naye. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza unapopiga simu ni hili: mpishi mkuu amekulia kwenye chakula gani? Kama ni Mthai, egemea mchuzi na tom yum (supu chachu ya Kithai), sushi uionje tu. Kama alikuwa mkata samaki, pad thai yake (tambi za mchele za kukaanga) usiisafirie kutoka Mikocheni.

Kabla ya siku ya mama, nenda na mumeo mchana wa siku ya kazi mkajaribu vitu vitatu vya bei ya chini: maki ya tango (sushi iliyoviringishwa kwa mwani), tom yum bakuli moja, na mboga za majani zilizokaangwa kwa kitunguu saumu. Inaonekana oda ya mtu aliyeishiwa, lakini ndiyo inayolivua jiko nguo. Kwenye maki ya tango hakuna samaki wala mayonezi ya kufichia, umebaki wali na mwani. Tom yum inakuonyesha jiko la supu. Mboga inakuonyesha karai. Ukitoka hapo unajua zaidi kuliko aliyekula sahani kumi na kuzipiga picha zote.

Nianze na wali, maana sushi ni habari ya wali kabla ya kuwa habari ya samaki. Mchele wake ni wa punje fupi wenye wanga unaonata. Mchele wa Kyela tunaoringia kwa harufu hupikika ukachambuka. Ndiyo sababu pilau yake hupendeza, na ndiyo sababu sushi yake humeguka ukiishika. Jiko makini hutumia mchele wa Kijapani au Calrose wa California. Kwa gramu 450 za mchele mkavu huingia takriban mililita 70 za siki ya mchele, vijiko vya chakula 2 hadi 3 vya sukari, na kijiko cha chai 1 hadi 1½ cha chumvi. Vinachanganywa wali ukiwa bado wa moto, kwa kuukata na mwiko bapa, si kwa kuusonga kama ugali. Siki haipo kwa ajili ya ladha tu. Inashusha pH ya wali chini ya 4.6, na hapo bakteria kama Bacillus cereus, wapenzi wa wali uliokaa, hushindwa kuzaliana. Mpishi anayepunguza siki kwa kuogopa wateja wasiozoea uchachu, halafu akauacha wali kaunta kutwa kwenye joto la Februari, anacheza na matumbo ya watu.

Wali huo unatakiwa ufike mezani una joto la mwili, kama nyuzi 37, na punje ziachane mdomoni bila kutafuna sana. Ukiwa baridi na mgumu katikati, ulilala kwenye friji: wanga wa wali ukipozwa hujipanga upya na kukakamaa, yale yale ya kiporo. Mwani nao ukivutika kama mpira, maki ilitengenezwa zamani, kwa sababu mwani uliokaushwa hunyonya unyevu ndani ya dakika chache, na hewa ya Dar unyevu wake haukopeshwi. (Mwani huo si ule unaolimwa Unguja na Pemba. Wa Zanzibar ni jamii nyingine, sehemu kubwa huenda viwandani kutengeneza vigandishi vya chakula.) Wasabi ya kijani iliyofinyangwa pembeni ya sahani, karibu kila mahali duniani, ni mzizi mkali wa Kizungu uitwao horseradish, haradali na rangi. Usiwahukumu kwa hilo.

Samaki sasa. Hapa ndipo wakazi wa Dar tunapojidanganya: utasikia mtu anasema samaki ametoka soko la Feri asubuhi hii, basi sushi ni salama. Samaki kuwa freshi na kuwa salama kuliwa mbichi ni mambo mawili. Samaki wa baharini wanaweza kubeba minyoo kama Anisakis, na mnyoo hajali samaki amevuliwa leo au juzi. Kinachomuua, mbali na moto, ni baridi kali. Mwongozo wa Marekani unataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au samaki agandishwe kwa nyuzi 35 chini ya sifuri na akae humo saa 15. Ulaya wanakubali nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24. Friza ya kawaida iliyotegwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri haitimizi masharti hayo, hata ikivuma namna gani. Kwa hiyo ukimwuliza mhudumu kama kolekole wa sashimi (vipande vya samaki mbichi bila wali) aligandishwa kwanza, jibu la kukutuliza ni ndiyo. Akikujibu kwa fahari kwamba hawagusi friza, achana na kolekole mbichi.

Samoni wengi wa mikahawani ni wa kufugwa, hasa Norway, na hulishwa chakula cha viwandani, ndiyo maana hatari ya minyoo kwao ni ndogo. Hata Wajapani hawakuwa na desturi ya kula samoni mbichi kwenye sushi hadi Wanorwe walipoenda kuwauzia wazo hilo miaka ya 1980. Swali kwa samoni ni baridi njiani na umeme jikoni. Friji iliyofungwa bila kufunguliwa hulinda chakula kama saa 4 umeme ukikatika. Friza iliyojaa, kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Mkahawa wenye jenereta linalowaka lenyewe hauna shida. Wa kuwaogopa ni wale wenye jenereta linalosubiri mtu aende kununua dizeli.

Jodari ana ugonjwa wake, na huu haufi kwa kuganda wala kwa kupikwa. Akikaa juani kwenye ngalawa bila barafu, bakteria hugeuza asidi iliyomo kwenye nyama yake kuwa histamini. Ikishajitengeneza haitoki. Mtu anakula, na ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, naye anadhani ana mzio wa samaki. Dalili mdomoni ni mwasho kama wa pilipili mahali ambapo hakuna pilipili. Ukiuhisi, tema na usiendelee. Kuhusu rangi: jodari mzuri ana wekundu uliopoa, kama nyama ya ng'ombe iliyokatwa muda kidogo. Akiwa na uwaridi unaong'aa kama tikiti maji, huenda amepitishwa kwenye hewa ya kaboni monoksaidi ili rangi isizeeke. Hewa hiyo haimdhuru mlaji, ila inakunyang'anya kipimo cha macho. Na ukiona maji yamejikusanya chini ya vipande, samaki aliyeyushwa haraka, pengine kwenye sinki, badala ya kulala usiku kucha kwenye friji.

Sasa zile tambi za mafuta. Jiko la gesi la nyumbani hutoa nguvu ya kilowati chache. Jiko la karai la mkahawa wa Kichina hutoa 30 na zaidi. Moto huo ndio unaokausha unyevu papo hapo na kuacha ile harufu ya moshi wanayoifukuzia Wachina. Mpishi akitia sahani mbili kwenye karai moja, moto unazimudu. Akitia sahani sita kwa sababu ni Ijumaa na oda zimejaa, karai linapoa, tambi zinatoa maji na kushikana, naye anaongeza mafuta ili zisigande. Mafuta hayo ndiyo aliyoyaona rafiki yako. Kwenye sahani ya mboga uliyoijaribu mchana, angalia chini: majani ya kijani kibichi na sahani karibu kavu, karai lina moto, majani yaliyofifia yakielea majini, halina, na kama halina mchana wa kazi, Jumamosi usiku hali ndiyo mbaya zaidi.

Pad thai hasa ina mtego mwingine. Tambi zake za mchele hulowekwa kwenye maji ya kawaida nusu saa au zaidi hadi zijipinde bila kukatika, halafu zimalizikie karaini. Jiko linalozichemsha mapema linaleta vipande vifupi vilivyolegea. Mchuzi wake kwa gramu 100 za tambi kavu ni vijiko viwili vya ukwaju mzito, kijiko kimoja na nusu hadi viwili vya sosi ya samaki, na vijiko viwili vya sukari ya mnazi. Ukwaju tunao tele, kwa hiyo pad thai nyekundu iliyotiwa sosi ya nyanya haina utetezi Dar es Salaam.

Na ile nyama ya ng'ombe ya Kichina laini hadi inatia mashaka? Hulainishwa kwa wanga, ute wa yai na magadi ya kuokea (baking soda) kidogo: robo kijiko cha chai kwa gramu 250, dakika 15 hadi 20, kisha huoshwa. Ikizidi, nyama hulegea kama sponji na kuacha ladha ya sabuni, kama maharage aliyoyapika mtu mwenye haraka. Tambi za ramen, zile za supu ya Kijapani, nazo hupata unjano na mkazo wake kutokana na madini ya ukoo huo huo wa magadi, ila ramen kwa meza yako siishauri, sababu inakuja.

Chakula kinachoniambia mengi kuhusu jiko la Kithai ni mchuzi wa kijani, na hapa mama mkwe wako wa Tanga ndiye hakimu bora mezani. Pwani tunakoroga tui lisikatike. Mthai anafanya kinyume makusudi: anachemsha tui zito peke yake hadi likatike na mafuta yapande juu, na kwenye mafuta hayo anakaanga masala ya kijani ya pilipili, mchaichai, galangali (mzizi wa ukoo wa tangawizi) na majani ya ndimu dakika 3 hadi 5. Nyama inafuata, tui jepesi linakuja mwisho. Mchuzi mzuri unafika mezani una vitone vya mafuta ya kijani vikielea juu, na harufu ya mchaichai inatangulia sahani. Mchuzi mzito, mweupe, usio na kitone hata kimoja, umefungwa kwa unga wa mahindi au umepikwa kwa tui la kopo lenye vigandishi. Tui hilo halikatiki hata ulichemshe hadi kesho, kwa hiyo masala yalichemka badala ya kukaangika. Mji uliojaa nazi kama huu, mkahawa ukipika kwa kopo na kutoza bei ya Masaki, mama atajua kabla yako.

Tom yum ni fupi kueleza: ndimu inatiwa baada ya sufuria kuondoka motoni. Ikichemka inageuka chungu. Ukionja uchungu nyuma ya ulimi, supu hiyo ilipikwa mapema na kupashwa.

Tuje kwa watu wako, maana hapa ndipo kosa linapogharimu.

Mama. Ukimwuliza mhudumu "kuna nguruwe au pombe?" atasema hakuna, na atakuwa anasema kweli kwa anavyojua yeye. Uliza kwa majina. Mirin, divai tamu ya mchele ya Wajapani yenye kilevi kama asilimia 14, huingia kwenye teriyaki (mchuzi mtamu wa kupaka nyama), kwenye mchuzi wa ramen, na wapishi wengine huitia hata kwenye wali wa sushi. Sake, pombe yao ya mchele, huenda nayo. Kwenye makarai kuna Shaoxing, divai ya mchele ya Wachina. Samaki wa miso, ile sahani ya black cod iliyompa Nobu umaarufu, hulazwa siku 2 au 3 kwenye miso (rojo la soya lililochachushwa), sake, mirin na sukari. (Black cod ni samaki wa kaskazini mwa Pasifiki mwenye mafuta mengi. Bei ikiwa nafuu ujue si yeye, na samaki wetu asiye na mafuta hukauka kwa mapishi hayo.) Usikubali hoja kwamba kilevi chote huruka motoni: takwimu za idara ya kilimo ya Marekani zinaonyesha kilichochemshwa na chakula dakika 15 hubakia kama asilimia 40, na baada ya saa nzima bado kama 25. Nguruwe yuko kwenye mchuzi mweupe wa ramen ya tonkotsu, ambao ni mifupa yake iliyochemka saa 12 au zaidi, na hata ramen ya kuku hupambwa kwa vipande vyake. Yumo kwenye siu mai, aina ya dim sum, na mafuta yake mara nyingi huchanganywa kwenye dim sum za kamba ambazo kwa jina hazina hatia. Ndiyo maana ramen na dim sum naziondoa kabisa kwenye meza yako, isipokuwa mkahawa wote uwe wa halali. Kithai ndiko salama zaidi kwake: mchuzi wa kijani na tom yum kwa desturi havina kilevi. Hata hivyo thibitisha.

Wifi asile samaki mbichi kabisa, asile papa wala nduaro kwa ajili ya zebaki, na mayai ya kiini kinachotiririka ayaache. Sushi ya kamba wa kuchemsha au tempura (wa kukaangwa kwa rojo la unga) anaweza kula, mradi ikatwe kwa kisu na ubao vilivyooshwa, kwa sababu kaunta hiyo hiyo imetoka kumkata jodari. Litamke hilo wakati wa kuagiza.

Mpwa ndiye anayenitia wasiwasi. Karanga ziko kwenye pad thai, kwenye sosi ya satay, kwenye mchuzi wa massaman, na hunyunyizwa juu ya saladi bila kuandikwa. Hatari kubwa ni karai lenyewe. Katika saa za msongamano mpishi halioshi kwa sabuni. Anamwaga maji ya moto, anasugua kwa brashi ya mianzi sekunde chache, anaendelea na oda inayofuata. Mabaki ya pad thai ya meza ya pili yanaingia kwenye mboga ya meza ya tatu. Basi meza yako isiagize pad thai kabisa, na chakula cha mpwa kitoke kwenye mvuke au sufuria, siyo karaini, labda meneja akuhakikishie karai na mwiko vya peke yake. Sema siku ya kuweka nafasi, rudia ukifika. Kama daktari amempa sindano ya dharura, iwe mezani, siyo kwenye gari.

Fedha. Nakupigia mfano wa hesabu, si bei za mkahawa wowote. Tuseme mmeagiza sahani 10 za wastani wa shilingi 38,000, jumla 380,000, na vinywaji 8 vya 12,000, jumla 96,000. Menyu inasoma 476,000 na roho yako imetulia. Sasa soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho. Kama bei hazijajumuisha huduma ya asilimia 10 wala VAT, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, bili inakwenda hivi: 476,000 na huduma 47,600 ni 523,600, ongeza VAT 94,248, unalipa 617,848. Kila mtu alionekana wa 59,500, amekuwa wa 77,231, na laki 6 imepasuka. Kwa masharti hayo, gawanya bajeti kwa 1.298: unachoagiza kisizidi 460,000 hivi kwa bei za menyu. Kama kila kitu kimeshajumuishwa, una laki 6 nzima. Ni swali la sekunde kumi kwenye simu.

Weka nafasi ya saa moja kamili usiku, Jumanne hadi Alhamisi, kabla jiko halijajaa. Halafu usiagize vyote kwa mkupuo. Majiko hayasubiriani: kaunta baridi inatoa ikimaliza, karai linatoa likimaliza, na kwenye meza ya watu 8 vyote vinarundikana kwa wakati mmoja chini ya kiyoyozi. Tambi baridi nyingi huzaliwa hapo, nyingine humaliziwa na simu zinazopiga picha. Agizeni kwa awamu.

Awamu ya kwanza, maki ya tango na ya parachichi mbili, ya kamba wa kupikwa moja, na nigiri ya samoni (kipande cha samaki juu ya tonge la wali) sahani moja kwa wanaotaka mbichi, iwekwe upande wa mbali na wifi. Zikishaisha, tom yum ya kamba mabakuli mawili ya kugawana. Awamu ya tatu ndiyo shibe: michuzi miwili ya kijani ya kuku, mboga sahani mbili kama ulizipenda mchana ule, wali mweupe, na samaki mzima wa mvuke wa Kithai kwa ndimu, pilipili na kitunguu saumu. Huyo ndiye ningetumia fedha kwake. Akiwa changu au kolekole, anapikwa hadi kwenye mfupa, kwa hiyo suala la friza linakufa, na ufreshi wa Feri hapa ndipo unapolipa. Samaki wa gramu 800 anataka mvuke wa dakika 12 hadi 15. Jicho likigeuka jeupe na nyama ikaachana na mfupa bila kung'ang'ania, ameiva. Siku za kusi kali, vyombo vidogo vinaposhindwa kutoka, piga simu asubuhi uulize samaki gani ameingia, maana anaweza kuwa wa friza na kwa mvuke utamjua mara moja: nyama inakuwa kavu na nyuzinyuzi. Mpwa pia anaweza kula samaki huyu, wali na mchuzi, mradi jiko limethibitisha hakuna karanga kwenye masala.

Vitindamlo vya huko, mochi na aiskrimu za matcha, ni vidogo na ghali. Mna keki ya mama. Uliza mapema kama wanaruhusu keki ya kutoka nje na kama wanatoza ada ya kuikata, na mwisho dai risiti ya EFD ulinganishe jumla yake na bili uliyoletewa mezani.